"Nipe kama hii": boliti 84 za kioo cha rubani

Kama umewahi kukaa gereji hata wiki moja hii unaijua. Fundi anafungua kitu, boliti inatoka imeliwa meno au kichwa kimekwisha, anaifuta na kitambaa, anamrushia dogo na kumwambia kimbia dukani waambie wakupe kama hii. Haulizi namba, haangalii kitabu, boliti yenyewe ndo kitabu. Dogo anafika anaiweka kaunta, muuza duka anaigeuzageuza, anaingiza mkono kwenye kopo, anatoa nyingine anazilinganisha kichwa kwa kichwa, hii hapa, lete hela. Mimi nimekulia gereji ya mjomba na safari hizo nimetumwa mpaka wauza nati wa mtaa ule wote wakawa wananijua kwa jina, na nakwambia mara nyingi sana inakubali. Shida yake ndo hiyo, kwamba mara nyingi inakubali.

Kisa cha leo ni cha Uingereza, mwezi wa 6 mwaka 1990, ndege ya British Airways safari namba 5390 iliyokuwa inatoka Birmingham kwenda Málaga kule Hispania. Wengi mnaokijua mnakijua kwa upande wa rubani aliyevutwa nje kupitia dirishani akabaki ananing'inia juu ya ndege huku wenzie wamemshika miguu, na kweli ni kisa cha kusisimua, tutafika huko. Ila mimi naona hiyo ndo sehemu rahisi ya habari. Sehemu ngumu ilitokea usiku, kwenye hanga, yaani banda la kutengenezea ndege, hakuna abiria hata mmoja anaeona, na aliyeifanya alikuwa fundi mzuri tu.

Ndege yenyewe ni BAC One-Eleven, ndege ya Kiingereza, injini mbili ziko nyuma kabisa mkiani, kazi yake safari fupifupi za Ulaya. Usiku wa kuamkia tarehe 9 ilikuwa hanga pale Birmingham na moja ya kazi zilizoandikwa ni kubadilisha kioo cha mbele upande wa kepteni. Zamu ilikuwa na upungufu wa watu, kwahiyo meneja wa zamu akaona asimsumbue mtu, kioo atabadilisha mwenyewe. Hapa nitamwita bosi wa zamu, maana jina lake halina kazi kwenye uchambuzi huu.

Sasa kabla hujaanza kumchora kichwani kama mzembe flani, msikilize kwanza. Ni mtu mwenye uzoefu wa miaka, rekodi safi, anaeheshimika kazini. Ilikuwa zamu yake ya kwanza ya usiku baada ya wiki kadhaa. Vioo vya namna ile alishawahi kubadilisha ila ilikuwa imepita kama miaka miwili, akafungua kitabu cha matengenezo akapitia harakaharaka, akaona aah, kazi ya kawaida, fungua kioo, toa, weka kipya, funga. Ilikuwa mida ya saa 9 usiku. Aliyewahi kufanya zamu ya usiku anajua saa 9 ilivyo, mwili upo lakini kuna mtu ndani ya kichwa ameshazima taa ya sebuleni.

Kioo kinashikwa na boliti 90. Akazifungua zote, akaangalia, nyingine zina rangi, nyingine zimeumia wakati wa kufungua. Angeweza kuzirudisha zilezile, wengi tu wangezirudisha, ila ye akasema hapana, kioo kipya kinataka boliti mpya. Hebu shika hapo, maana ndo kinachoniuma kwenye kisa chote hiki: kama angekuwa mvivu kidogo akarudishia zile za zamani, pengine leo tusingekuwa tunaongea. Ni uangalifu wake uliomnyanyua akaenda stoo.

Akachukua boliti moja ya zamani akaenda nayo mkononi, akailinganisha na zilizopo stoo akaona inaitwa A211-7D. Tuelewane kidogo kwenye hizo namba maana bila hapo huku mbele utapotea. Tarakimu inakwambia urefu, 7 ni inchi 0.7 na 8 ni inchi 0.8. Herufi inakwambia unene, D ni nene, C ni nyembamba. Kwahiyo 7D ni nene ila fupi, 8D ni nene na ndefu, 8C ni ndefu ila nyembamba. Katalogi ya vipuri ya ndege ile ilikuwa inasema kioo kinafungwa na 8D. Ila kilichotoka kwenye ndege ni 7D, kwa maana kwamba kuna fundi mwingine huko nyuma, wakati kioo kilichotangulia kinawekwa, alikosea pia, na zile boliti fupi zikashikilia kioo kama miaka minne bila mtu kugundua chochote.

Umeona mtego ulivyokaa? Sampuli aliyoenda nayo dukani ni mbovu. Ile "kama hii" yenyewe ni kosa la mtu mwingine, limezeeka mpaka limefanana na ukweli.

Na kuna mtu alimwambia. Huyu ndo mtu wangu kwenye kisa hiki chote, jamaa wa stoo. Alimwambia bosi kwamba kwa kioo kile huwa zinatumika 8D. Namba sahihi kabisa ilitamkwa, kwa sauti, usiku ule, kabla hata boliti moja haijafungwa. Bosi akasikia, akapima kichwani mwake, ninachotoa kwenye ndege kwa mikono yangu ni 7D, ndege imeruka nazo miaka, na akaamua kwenda na 7D. Stoo kipa hakubishana zaidi. Na angebishanaje? Fikiria we ndo stoo kipa, saa 9 usiku, mbele yako kasimama meneja wa zamu, mwenye leseni, mwenye saini, mkubwa kuliko wote waliopo pale usiku ule, ameshika ushahidi wa chuma mkononi. We una nini? Una kumbukumbu tu. Huku kwetu hata sentensi yenyewe ingeanza na "samahani bosi" na kuishia na "lakini we ndo unajua". Nimeisema hiyo sentensi mimi mwenyewe, zaidi ya mara moja, na mara nyingine nilikuwa sahihi.

Katalogi ilikuwepo. Ingemaliza ubishi wote. Hakuifungua.

Tatizo likaja lingine, zile 7D pale stoo zilikuwa chache mno, nne au tano tu, na ye anataka nyingi. Akawasha gari akaenda upande wa pili wa uwanja, kulikuwa na kabati la droo za kuzunguka ambalo halina mtu wa kulisimamia, unajichukulia mwenyewe. Hapo sasa taa hafifu, lebo za droo zimechakaa, na mwili wake mwenyewe akisimama mbele ya droo unaziba ule mwanga kidogo uliopo. Akatoa boliti yake ya zamani akaanza kulinganisha kwa macho na kwa vidole. Na miwani ya kusomea, ambayo kwa umri wake alikuwa anaihitaji kwa vitu vidogo vya karibu, hakuwa ameivaa.

Akapata zinazofanana. Akabeba. Zilikuwa 8C.

Tofauti ya unene kati ya alichoshika na alichotakiwa kushika ni inchi 0.026, yaani milimita 0.66. Chukua kadi yako ya benki, ile ina milimita 0.76, sasa punguza kidogo. Hiyo ndo tofauti aliyotakiwa kuihisi kwa vidole gizani. Mi nimejaribu na boliti za gereji mchana kweupe nimefumba macho, nikakosea, na mimi hizo boliti ndo zilinilea.

Sasa utauliza, sawa kachukua nyembamba, lakini si ingeonekana wakati wa kufunga? Boliti nyembamba kwenye nati kubwa si inapwaya inadondoka tu? Hapa ndo kuna kitu ambacho mtu asiye fundi anaweza akakipita. 8C na 8D zina nafasi sawa kati ya meno, meno 32 kwa kila inchi. Niliwahi kutumwa na mjomba boliti ya namba 10 ya Toyota, muuza duka akanipa ya namba 10 ileile ila meno yake makubwa zaidi, ile ya milimita 1.5 badala ya 1.25, mjomba akaizungusha mara mbili ikagoma, nikarudishwa dukani na kofi juu. Ile boliti ilitusaidia kwa kugoma. 8C haigomi. Meno yake yanakaa kwenye njia ileile ya meno ya nati, yanashika kwa nchanchani tu, na nati zenyewe zimefungwa kwa ndani kwenye fremu, zina ubano wake wa kuzuia boliti isilegee, kwahiyo mkononi unahisi kabisa kuna kitu kinashika. Ni sawa na mtu anaekupa mkono kwa ncha za vidole, salamu imetolewa lakini hajakushika.

Alafu kuna torki, yaani nguvu ya kukazia. Kitabu kilisema boliti zikazwe kwa kiwango cha pauni-inchi 15, ye akaiseti bisibisi ya torki kwenye 20, kuongeza usalama. Bisibisi ya aina ile ikifika kiwango ulichoseti inajiachia yenyewe, unasikia tk, unajua tayari. Ila boliti nyembamba ikikazwa kwenye nati kubwa, meno yanaruka, nayo inasikika tk, na mkononi unahisi vilevile kitu kimejiachia. Kwahiyo kila alipokuwa anasikia tk alikuwa anajua amefika kiwango, kumbe kinachojiachia ni meno. Kifaa alichopewa kimwambie ukweli, na kosa lenyewe, vyote vilikuwa vinatoa sauti moja. Sijui kama kuna kitu cha kikatili kuliko hicho kwenye kazi ya ufundi.

Kilichobaki ni macho. Vichwa vya 8C ni vidogo kuliko vya 8D, kwahiyo vikikaa kwenye mashimo yake vinazama zaidi kuliko kawaida, pembeni kunabaki kingo. Ukisimama vizuri mbele ya kioo una nafasi ya kuliona. Ila jukwaa la kusimamia lilikuwa limewekwa vibaya, ikabidi ajinyooshe kukifikia kioo, anafanya kazi mkono umenyooka mwili umelalia ubavu wa pua ya ndege. Na kishikio cha ncha ya bisibisi sumaku yake ilikuwa imekwisha, ncha inadondoka, kwahiyo mkono wa pili inabidi ushikilie ncha palepale juu ya kichwa cha boliti. Yaani mkono wake mwenyewe ndo ulikuwa umefunika kitu pekee ambacho kingemwambia amekosea. Sumaku ya shilingi ngapi ile.

Akamaliza. 84 zilikuwa 8C, sita zilizobaki zilikuwa 7D, unene wao ni ule unaotakiwa ila fupi kwa inchi 0.1. Kwenye boliti 90 hakuna hata moja iliyokuwa sahihi. Akaweka saini.

Hiyo saini nayo tuizungumze. Kulikuwa na orodha ya sehemu nyeti za ndege ambazo fundi mmoja akifanya kazi, mwingine lazima aje akague na ye aweke saini yake. Kioo cha mbele hakikuwemo kwenye orodha ile. Kujaza ndege hewa ikiwa chini kuona kama kioo kinahimili presha nako hakukuwa kunatakiwa. Na usiseme walioweka hizo taratibu walikuwa wajinga, kichwani kwao kulikuwa na hesabu yenye mantiki, kwamba kitu kimeshikwa na boliti 90, ikifa moja zipo 89, zikifa tano zipo 85, wapi na wapi hiyo iitwe sehemu nyeti. Ni kweli kabisa kama kinachoharibika ni boliti. Ila boliti 90 zinakukinga na boliti mbovu, hazikukingi na mtu mmoja aliyekosea mara moja droo ya kuchota halafu akakirudia kitu kilekile mara 84 kwa uaminifu mkubwa. Na kwa vile ye ndo alikuwa mkubwa wa zamu, kazi ya wengine ye ndo anaipitia, kazi yake anaipitia nani? Angefanya yule fundi wa chini kabisa pale, kuna uwezekano bosi angepita akaangalia. Amefanya bosi, hakuna aliepita.

Kuna jambo lingine kuhusu kioo chenyewe, kilikuwa kinafungwa kutokea nje. Kingekuwa kinakaa kutokea ndani, hewa ya ndani ya ndege ikipanda ingekikandamiza kwenye fremu kama kizibo, kadri presha inavyozidi ndivyo kinavyozidi kukaa. Kikifungwa kutokea nje ni kinyume chake, presha inakisukuma kitoke, na kinachosema hapana ni boliti tu.

Masaa 27 baadae, tarehe 10 Juni, Jumapili asubuhi, saa 2 na dakika 20, ndege ikaondoka na abiria 81 na wafanyakazi sita. Ilikuwa safari yake ya kwanza tangu kioo kibadilishwe. Kepteni Tim Lancaster na rubani msaidizi Alastair Atchison, kila kitu shwari, ndege inapanda, wakalegeza mikanda yao, wahudumu wakaanza kuandaa chakula. Dakika 13 baada ya kuruka, wako karibu na Didcot, Oxfordshire, futi 17,300, ambayo ni kama mita 5,270. Kwa waliopanda Kilimanjaro, hapo umeshaiacha Barafu unahema kuelekea Stella Point. Kioo cha upande wa kepteni kikang'oka chote.

Hewa yote ya ndani ikatafuta njia ya kutoka, na njia ilikuwa pale mbele ya Lancaster. Akanyanyuliwa kwenye kiti akatolewa nje kichwa na kiwiliwili, kilichombakiza ni miguu iliyonasa kwenye usukani. Otopailoti ikajitoa. Mlango wa kokpiti uling'oka ukaangukia pale kwenye mitambo ya katikati ukazuia vishikio vya injini. Ndege ikaanza kushuka kwa kasi, karatasi zinaruka, ukungu umejaa. Mhudumu Nigel Ogden alikuwa ndo anaingia kokpiti, akamrukia kepteni akamkumbatia kiunoni akashika mkanda wa suruali. Alishika mpaka baridi na upepo ukamshinda, wenzie wakaja wakapokea.

Atchison sasa yuko peke yake. Anashusha ndege kusudi mpaka usawa ambao watu wanaweza kuvuta hewa ya kawaida, anaongea na waongoza ndege lakini upepo unapiga kelele hawezi kusikia wanamjibu nini. Kepteni pale nje anapigwapigwa kichwa kwenye ubavu wa ndege, macho yako wazi hayapepesi, wote waliomuona walijua amekufa. Wazo la kumuachia likaja, Atchison akakataa, akasema mshikilieni, maana mwili ukiachiwa unaweza kuingia kwenye injini au kupiga bawa au mkia, na injini za ndege hii si nimeshasema ziko nyuma. Ukiniuliza, huo ndo uamuzi ulioniacha mdomo wazi kuliko kutua kwenyewe, ingawa kutua nako, uwanja wa Southampton ambao hakuuzoea, njia ya mita 1,800 wakati ye alikuwa ameomba ndefu zaidi, ndege nzito ina mafuta ya kufika Hispania. Saa 3 kasoro dakika 5 magurudumu yakagusa. Dakika 22 tangu kioo kitoke.

Na Lancaster alikuwa hai. Baridi ilikuwa imemuunguza, mshtuko, mkono wa kulia umevunjika, kifundo cha mkono, na kidole gumba cha kushoto. Ogden bega lilitoka kwenye maungio na baridi ikamuumiza uso. Hakuna abiria aliyeumia. Ndani ya miezi mitano Lancaster alikuwa amerudi kazini anarusha ndege.

Kioo na boliti zake nyingi viliokotwa karibu na kijiji cha Cholsey, na hapo wachunguzi hawakuwa na mengi ya kubahatisha. Unazichukua, unaziweka kwenye kipimo, kipimo kinasoma.

Wachunguzi wa ajali za ndege wa Uingereza walitoa ripoti yao mwaka 1992, na kitu ninachokipenda ni kwamba hawakuishia kwenye sentensi ya "fundi aliweka boliti zisizo sahihi", ambayo ingekuwa kweli na isiyo na faida. Walifuata hatua kwa hatua kama tulivyofuata hapa. Walitaka mamlaka ya anga iangalie upya suala la mtu mmoja kufanya kazi ya hatari na kujisainia mwenyewe, iangalie upya ile orodha ya sehemu nyeti, na, hii wengi walicheka lakini mimi sicheki, mafundi walioandikiwa miwani waivae wakiwa kazini. Miwani. Ndege ya watu 87 na mwisho wa siku unafika kwenye miwani iliyobaki mfukoni.

Kuna watu nikiwaambia kisa hiki wanasema basi yule bosi alikuwa na kiburi, angemsikiliza stoo kipa yote yasingetokea. Sikubaliani moja kwa moja. Kiburi ni pale huna ushahidi unang'ang'ana. Ye alikuwa nao, ameutoa kwenye ndege kwa mikono yake, boliti zimekaa angani kama miaka minne. We ungeamini nini, chuma ulichokishika au neno la mtu wa stoo? Ninachomlaumu ni kimoja, kwamba pale zilipokuja namba mbili tofauti, moja ya mkononi na moja ya mdomoni, hakwenda kwenye kitu cha tatu ambacho kiliandikwa kwa ajili ya ubishi kama ule. Dakika tano. Na hata hapo najua kwanini, maana mtu anaejua kazi yake akifungua kitabu mbele ya stoo kipa anajiona kama amekiri hajui. Mjomba alikuwa na kitabu cha Toyota kabatini, kimefungwa na nailoni yake ileile kilichokuja nayo.

Na fikiria kama usiku ule lile droo la 7D lingekuwa limejaa. Angezichukua 90, angezifunga vizuri, zingebana kwelikweli, tk ingekuwa tk ya kweli. Ndege ingepaa Jumapili asubuhi, ingefika Málaga, abiria wangeshuka na kofia zao za jua, na kioo kingekaa miaka mingine na boliti fupi. Na yule jamaa wa stoo, aliyekuwa sahihi peke yake usiku mzima, siku nyingine akisema 8D wangemwambia we mzee hizo namba zako unazitoa wapi.